Viatu vya Mbwa Mwenye Miguu Mifupi: Namna ya Kuvichagua na Kumvalisha

Katika mabaraza ya ujirani mwema tunayoyafanya na wananchi wa vijiji vya mpakani, lipo swali moja ambalo halikosi kuulizwa, na aghalabu muulizaji huliuliza huku wenzake wakicheka: "Afande, yawaje mbwa wa polisi avalishwe viatu ilhali watoto wetu wanakwenda shule peku?" Swali hilo ni la haki. Jibu tulilozoea kulitoa ni kwamba viatu vya mbwa si pambo bali ni kifaa cha kazi, kama kofia ngumu ya fundi wa ujenzi. Mbwa aliyechanika unyayo hukaa bandani majuma mawili au zaidi, na katika muda huo hakuna wa kunusa mizigo katika zamu yake. Jibu hilo ni la kweli, ingawa nakiri kwamba halimwondolei mtoto yeyote mwiba mguuni.

Kicheko kikiisha na watu wakianza kutawanyika, wako wanaosalia na kuuliza swali la pili kwa sauti ya chini: je, mbwa wangu wa nyumbani naye aweza kuvishwa? Makala haya yameandikwa kwa ajili yao, na hususan kwa wale wanaofuga mbwa wenye miguu mifupi, kwa kuwa hao ndio wanaoumizwa zaidi na kiatu kisichowafaa. Hapo awali sikulijua jambo hilo. Nililijua kwa kumdhuru mbwa wa mtu.

Mbwa wa mama muuza viazi

Wasomaji wa Kisoro, Cyanika na Bunagana, pamoja na majirani zao wa Musanze, Rutshuru na Goma, hawahitaji kuelezwa habari ya mawe ya volkeno. Ni mawe meusi yenye matundu matundu, na kingo zake hukata kama kigae cha chupa. Wakulima wa Kisoro wameyakusanya mashambani kwa vizazi na kuyarundika vilima vilima ili wapate mahali pa kupanda viazi na maharagwe. Huko Goma, mji ulioingiliwa na uji wa moto wa Nyiragongo Januari 2002, na viunga vyake vikafikiwa tena Mei 2021, watu hujenga kuta na nyua kwa mawe hayo hayo. Binadamu huyazoea kwa kuvaa buti za mpira. Mbwa hana hiari hiyo.

Mama mmoja wa vijiji hivyo, mchuuzi wa viazi, alikuwa na mbwa dume wa rangi ya kahawia, mwenye kiwiliwili kirefu kama cha mbwa yeyote wa kienyeji, lakini miguu yake haikuzidi shubiri moja. Jiwe lilimkata unyayo wa mbele. Mama huyo alikuwa amewaona mbwa wetu wakiwa na viatu, akaja kituoni kuomba msaada. Ghalani palikuwa na viatu vikuukuu vilivyowahi kuvaliwa na mbwa mrefu wa kikosi. Nilichagua vile vilivyoonekana vidogo, nikavikata sehemu ya juu kwa mkasi, nikampa pamoja na kipande cha kamba ya katani cha kufungia. Nilijiona nimetenda jambo jema la ujirani.

Siku ya nne alirudi, amembeba mbwa wake ndani ya beseni la viazi. "Afande," aliniambia, "ulinipa dawa au ulinipa ugonjwa?" Nilipofungua kamba niliona vidole vimevimba na kutanuka, ngozi ya kifundo imechubuka hadi nyama, na ule ukucha wa ndani usiogusa ardhi umezama katika ngozi kwa kubanwa. Hayo hayakuwa yote. Usiku uliotangulia mbwa hakuinuka wala hakubweka, na mbuzi wawili walitolewa zizini pasipo mtu kusikia. "Huyu ndiye aliyekuwa mlango wangu," alisema. Mbuzi hao hatujawapata hadi leo.

Alikuwa amefunga kamba kama nilivyomwonyesha. Kosa lilikuwa langu.

Mguu mfupi si mguu mrefu uliopunguzwa

Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba mbwa mfupi anahitaji kiatu kile kile cha mbwa mrefu isipokuwa kiwe kidogo. Sivyo. Mbwa wenye miguu mifupi wana maumbile yao. Dachshund wa Ujerumani alifugwa kwa makusudi awe chini ili aingie mashimoni kumfuata mnyama anayefanana na nyegere wetu. Corgi wa Wales alifugwa aswage ng'ombe kwa kuwauma visigino bila kufikiwa na teke. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza kwamba ufupi huo hutokana na nakala ya ziada ya jeni moja, ambayo husababisha mifupa mirefu ya miguu ikome kukua mapema. Mbwa wa jamii hizo waliletwa katika miji yetu na wageni na watu wenye uwezo, wakazaana na mbwa wa mitaani, na ndiyo maana leo unaweza kukuta kichwa na masikio ya mbwa wa kienyeji juu ya miguu ya kigoda.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mfupa hufupika, lakini unyayo haupungui kwa kiasi hicho. Mbwa wa kilo nane mwenye miguu mifupi aweza kuwa na unyayo mpana kuliko wa mbwa mrefu mwenye uzito huo huo. Anayenunua kiatu kwa kutazama kimo cha mbwa ataishia kununua kiatu chembamba kinachobana vidole.

La pili ni umbali kati ya unyayo na kifundo cha mguu wa mbele, yaani pale mguu unapokunjika. Mbwa mrefu ana sehemu nyembamba, ndefu ya kutosha, ambapo mkanda wa kiatu hukaa bila kusumbua chochote. Mbwa mfupi hana nafasi hiyo. Pengine ni upana wa vidole viwili vya mtu, pengine pungufu. Kiatu kirefu hufika kwenye kunjo lenyewe, na kila hatua ni msuguano. Nilipokata vile viatu vya ghalani, niliukata ukingo ukaishia hasa mahali ngozi inapojikunja, tena nikauacha bila kuupinda wala kuushona. Kwa hiyo nilimvalisha msumeno.

La tatu ni kile kidole cha ndani kisichogusa ardhi, ambacho katika makala haya nitakiita kidole cha juu. Kwa mbwa mfupi kidole hicho kiko karibu mno na unyayo, na mkanda ukikazwa huangukia juu yake moja kwa moja. Ukucha ukiwa mrefu utatoboa ngozi. Kwa kawaida miguu ya nyuma haina kidole hicho, na ndiyo sababu viatu vya nyuma huleta shida ndogo zaidi.

Tena mbwa wengi wa aina hii wana miguu ya mbele iliyopinda, nyayo zikielekea nje. Uzito wao hauwi sawasawa juu ya soli. Huelemea upande mmoja. Na mgongo wao mrefu ni dhaifu kuliko unavyoonekana: vile visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili huzeeka mapema, huweza kuchomoza na kubana neva, mbwa akapooza miguu ya nyuma. Kiatu kinachoteleza juu ya sakafu ya saruji kwa hiyo si adha ndogo kwake.

Je, anavihitaji?

Kabla ya kutoa fedha, ndugu msomaji, jiulize swali hili bila aibu. Mbwa wengi wa vijijini hawahitaji viatu. Chini ya unyayo wana nyama ngumu iliyoumbwa kama vitakia vidogo, vinne vya vidole na kimoja kikubwa cha kati, na vitakia hivyo huzidi kukomaa kadiri mbwa anavyotembea. Ukimvalisha kila siku pasipo sababu, vitalainika.

Anavihitaji mbwa anayepita mawe ya volkeno kila siku akiandamana na mwenyewe sokoni. Anayelala na kutembea katika maegesho ya malori yaliyojaa vigae na vipande vya mabati. Na aliyefungwa bendeji ambaye kidonda chake hakipaswi kuingia matope. Anavihitaji pia mbwa wa Elegu, Malaba au Busia anayelazimika kukanyaga lami adhuhuri. Siku ya jua kali lami huzidi joto la hewa kwa kiasi kikubwa, na huweza kupita nyuzi 50. Ipime kwa mgongo wa mkono wako: ukishindwa kuuacha juu ya lami kwa muda wa kuhesabu hadi saba, usimpitishe mbwa hapo bila viatu. Kwa mbwa mfupi hata viatu havitoshi, kwa sababu tumbo lake liko karibu na ardhi na hupokea mvuke wote wa lami. Huyo atembezwe alfajiri au jua likishatua.

Asivalishwe hata kidogo mbwa mwenye funza. Funza huingia katika nyayo za mbwa kama wanavyoingia katika miguu ya watu, na mbwa huwarudisha nyumbani hata baada ya familia kutibiwa. Tazama kati ya vidole na pembeni mwa kucha. Ukiona vidoa vyeupe vyenye nukta nyeusi katikati, mpeleke kwa mganga wa mifugo kwanza. Unyayo wenye funza ukifungiwa ndani ya kiatu chenye unyevu huoza.

Kupima

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kata kucha kwanza, na usikisahau kidole cha juu. Ikiwa hujui kukata, mwombe anayejua, kwa maana ndani ya ukucha mna mshipa wa damu, na mbwa aliyekatwa mshipa huo mara moja hatakupa mguu tena.

Weka karatasi juu ya sakafu kavu. Msimamishe mbwa, uweke unyayo wake wa mbele juu ya karatasi, kisha inua kidogo mguu wake wa pili wa mbele ili uzito uje juu ya ule unaoupima. Unyayo usio na uzito na unyayo wenye uzito ni vitu viwili tofauti, vidole hutanuka. Tia alama kwa penseli kushoto na kulia mahali unyayo ulipo mpana zaidi, na nyingine nyuma ya kitakia kikubwa na mbele ya ukucha mrefu kuliko zote. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa nyuma, kwa kuwa nyayo za mbele huwa kubwa zaidi, na mwenye kununua viatu vinne vya kipimo kimoja ataona viwili vya nyuma vikidondoka njiani.

Kuna kipimo cha tatu ambacho wauzaji hawakiulizi, nacho ndicho kilichonishinda mimi. Mbwa akiwa amesimama, pima kutoka ardhini hadi kidole cha juu, kisha kutoka ardhini hadi kwenye kunjo la kifundo. Andika namba zote mbili. Kimo cha kiatu lazima kiwe pungufu ya namba ya pili kwa upana wa kidole kimoja walau, na upana wa mkanda lazima upate mahali pa kukaa kati ya unyayo na kunjo hilo. Nilipompima baadaye mbwa wa yule mama, nilipata sentimita tano na nusu hadi kwenye kunjo. Viatu nilivyokuwa nimempa, hata baada ya kukatwa, vilikuwa na sentimita saba.

Kuchagua au kushonesha

Maadamu una vipimo, uchaguzi si mgumu. Kipimo cha mbwa kikiangukia kati ya saizi mbili, fuata upana, usifuate urefu. Ncha ya kiatu iwe ya mviringo, si ya kuchongoka. Soli ijikunje unapoibana kwa vidole viwili, na iwe na mistari ya kuzuia utelezi. Mkanda uwe mpana na laini, wa velkro, ule unaonata kwa kukwaruza kama wa viatu vya watoto. Kamba nyembamba na mpira wa kufungia noti visitumiwe kamwe: hukaza bila kuonekana, vidole vikivimba hukaza zaidi, na mbwa aweza kupoteza kidole au unyayo mzima kwa kukosa damu. Hilo nalisema nikiikumbuka ile kamba yangu ya katani.

Mkanda ukae chini ya kidole cha juu iwapo nafasi ipo. Ikiwa haipo, upite juu yake, lakini kwanza kidole hicho kizungushiwe kitambaa laini, au fundi atoboe tundu pembeni ili kitoke nje. Ninapendelea tundu. Kitambaa husogea.

Viko viatu vya mpira mwembamba vinavyovutwa kama soksi, visivyo na mkanda. Vinampa mbwa hisia nzuri ya ardhi, na kwa mbwa mfupi vina faida ya kutohitaji mahali pa kufunga. Lakini mpira hauruhusu hewa, nazo nyayo za mbwa hutoa jasho; kwa hiyo vifae safari ya nusu saa, visiwe vya kutwa. Tena ukingo wake wa juu ukiwa mdogo hubana kama ile kamba.

Wengi wetu tutamwendea fundi viatu. Fundi hodari wa soko lolote aweza kuvishona, ila mwambie mapema asikutengenezee soli ya tairi. Viatu vya tairi, ambavyo wengine huviita lugabire, wengine akala na wengine katambuga, vimetusafirisha miaka mingi, lakini soli yake ni nzito na ngumu mno kwa mguu wenye urefu wa shubiri moja. Mbwa atatembea kama aliyefungiwa matofali. Tyubu ya gari inatosha. Ikunjwe tabaka mbili kwa ajili ya soli, na upande wake wa nje fundi aukwaruze kwa kisu mistari ya kukingama. Juu pawekwe turubai laini au kitambaa cha jinzi kuukuu. Mshono ubaki nje ya kiatu, usiguse ngozi. Mafundi hawapendi hivyo kwa sababu kiatu huonekana kimegeuzwa, na itakubidi usisitize. Ukingo wa juu upindwe na kushonwa kwa kitambaa laini. Msharasi ukipita katika soli, nyuzi zizamishwe ndani ya mkwaruzo ili mawe yasizikate. Mweleze fundi pia ni upande gani mbwa wako huuelemea, aongeze tabaka hapo. Namna ya kujua ni rahisi: mtembeze juu ya udongo wenye unyevu, utazame alama zake zimezama zaidi upande upi.

Kumvalisha

Mtandikie gunia ili asiteleze. Asimame, au akae kati ya magoti yako akikupa mgongo. Usimlaze chali na usimnyanyue kwa kumshika miguu ya mbele, kwa ajili ya ule mgongo niliousema. Ukihitaji kumwinua, mkono mmoja uwe chini ya kifua na wa pili chini ya matako. Usiuvute mguu kwenda nje. Ukunje kuelekea nyuma, kama mtu anavyokunja mguu wa punda ili atazame kwato.

Futa unyayo ukauke. Ingiza kiatu, kisukume taratibu hadi vidole vifike mwisho, ukigongegonge chini mara mbili tatu ili kikae, kisha ndipo ufunge. Ncha ya kidole chako kidogo ipite chini ya mkanda bila kulazimishwa. Halafu kishike kiatu ujaribu kukizungusha: kikizunguka, kimelegea au ni kipana, kidole chako kikikataa kupita, kimebana. Mfanye akae na ainuke mara moja, uangalie kama ukingo wa juu unagusa kunjo la kifundo. Ukigusa, kiatu hicho si chake, hata kama umekwisha kukilipia.

Siku ya kwanza mvalishe kimoja, kwa dakika chache tu, nyumbani, umpe kipande cha chakula anachokipenda. Atanyanyua mguu juu kama kuku aliyekanyaga ugali wa moto. Watoto watacheka, na hapana ubaya, ila wasimkimbize. Kesho yake mvalishe viwili. Ongeza muda kidogo kidogo kwa juma zima kabla ya kumpeleka safari. Katika safari ya kwanza mvue kila baada ya nusu saa, umtazame kati ya vidole. Wekundu, malengelenge, manyoya yaliyokatika mahali pa mkanda, au vidole vilivyotanuka na kuwa baridi ni sababu ya kutomvalisha tena siku hiyo. Uvimbe ukidumu hadi jioni, mwone mganga wa mifugo. Mbwa anayelamba kiatu bila kukoma anakuambia jambo, mvue uone. Na kwa hali yoyote asilale navyo. Laiti ningalimwambia yule mama maneno hayo machache tu, huenda mbwa angaliamka usiku ule.

Mbwa mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Ikiwa ana kidonda, mfunge mdomo kwa utepe wa kitambaa kabla ya kumgusa, lakini umfungue mara umalizapo, hususan wakati wa joto, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Watoto wasiachiwe kazi hii. Akikuuma au kukukwaruza hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, hakina tiba, ilhali chanjo itolewayo mapema huokoa. Ni vema mbwa awe amechanjwa kabla hujaanza kumzoesha viatu.

Ukivuka naye mpaka

Chukua cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na uulizie mapema kwa ofisi ya mifugo kibali kinachotakiwa upande unaokwenda. Tumeulizwa kama tunawashuku mbwa wenye viatu. Hatuwashuku, lakini kiatu ni mfuko, na askari wa ukaguzi hawezi kuupita mfuko asiouona ndani. Ukiombwa, mvue wewe mwenyewe. Huna sababu ya kumruhusu mtu mwingine amshike miguu mbwa asiyemjua, hata akiwa amevaa sare, nasi tumewaeleza hivyo askari wetu wa zamu. Kama mbwa wako ana kidonda au ana tabia ya kuuma, sema kabla ya kufika mezani.

Yule mbwa wa kahawia alitibiwa na mganga wa mifugo kwa karibu mwezi mmoja, na ukucha wa kidole cha juu ukaota upya, umepinda kidogo. Fundi mmoja wa sokoni alimshonea viatu viwili vya mbele tu, kwani vya nyuma hakuvihitaji. Hivi karibuni nilimkuta mama yule penye magunia yake ya viazi, mbwa akiwa chini ya meza. Niliona soli ya kushoto imelika upande wa ndani, nikamwambia. Alinijibu kwamba amekwisha kuiona, na fundi ameagizwa aongeze tabaka. Nikamwomba ruhusa nitazame kati ya vidole. Alifikiri kidogo, kisha akainama, akamshika mbwa kichwa yeye mwenyewe, akaniambia, "Tazama, Afande. Ila kiatu nitamvua mimi."